Mguu Nilioukamata Kiutani

Mliponiaga mlinipa feni ya kusimama, doti ya kitenge, na hotuba ndefu ambayo nusu yake ilinisifu kwa kazi zilizofanywa na watu wengine. Nawashukuru kwa vyote. Feni inapuliza vizuri hapa mtaani Cheyo siku ambazo umeme umeamua kuja, na kitenge kimeshashonwa. Mliniomba pia niwaandikie, ninyi mnaobaki kwenye chumba cha altrasaundi, namna tulivyoanza kuwatafutia mabonge ya damu wagonjwa walioumia uti wa mgongo. Nadhani mlitegemea ukurasa mmoja wa maelekezo, muubandike ukutani karibu na kalenda. Mngekuwa mnanifahamu vizuri msingeniomba.

Mimi ni Mzaramo wa Kisarawe. Nilipopangiwa Tabora nilikuwa msichana niliyetoka chuoni juzi tu, sijawahi kuvuka Morogoro, na mama yangu alilia stesheni kana kwamba nakwenda vitani. Nikafika hospitali na vumbi la njia nzima kichwani. Mlinzi wa getini akaniuliza jina, akaniuliza na kwetu. Niliposema Kisarawe akainuka, akachukua begi langu, akalisukuma chini ya kiti chake, kisha akakaa.

"Mzaramo," akasema kwa furaha. "Siku hizi mizigo mnatuletea wenyewe?"

Nikapiga yowe la mwizi. Watu wakaja mbio, na hakuna hata mmoja aliyemkamata mwizi. Walikuwa wanacheka. Aliyenifafanulia ni Mzee Rajabu wa mtaa wa Ng'ambo, mkuu wa chumba cha picha, ambaye alikuwa amekuja kunipokea. "Binti, huyu Mnyamwezi na wewe Mzaramo ni watani," akasema. "Hajakuibia, amekukamatia. Komboa begi lako twende kazini." Nikalikomboa kwa maandazi niliyobakiza safarini. Mlinzi akalalamika kwamba ni makavu, akayapokea.

Wazee wanasema utani huo uliletwa na misafara. Mababu wa Kinyamwezi walibeba mizigo kutoka huku Unyanyembe hadi kwetu pwani, nasi tukawapokea, tukafanya nao biashara, tukawaibia kidogo, na wakifia kwetu tukawazika. Mtu mliyezikana naye huwezi tena kumkasirikia. Ninyi mliozaliwa huku kanuni mnazijua, lakini kuna wenzenu waliotoka Moshi na Bukoba, nawaandikia na hao. Mtani akikamata kitu chako, hakiguswi mpaka kikombolewe. Ukimletea fidia ya haki hawezi kuikataa. Ila anaruhusiwa kusema haitoshi, na hapo ndipo penye ufundi.

Mzee Rajabu alinifundisha kazi enzi za filamu na chumba cha giza, wakati picha za vifua zilikuwa zinaanikwa kwenye kamba kama nguo za watoto. Alikuwa na tabia moja ninayowasihi muirithi. Kabla ya kumgusa mgonjwa alisugua viganja mpaka vipate moto, hata mwezi wa kumi, jua la Tabora likiwa linapasua mawe. "Mkono wa baridi unamkunja mtu misuli," alisema, "na misuli iliyokunjwa inadanganya." Ilipokuja mashine ya altrasaundi nikaifanyia jeli vilevile: chupa naiweka dirishani ipigwe na jua. Kuna mmoja wenu amekuwa akiirudisha kabatini. Namjua.

Mashine hiyo ilipofika, mji mzima uliamua kuwa ni ya wajawazito, na kwa kweli benchi la koridoni halijawahi kukosa matumbo. Mwanamume akiandikiwa altrasaundi ya figo alikuwa anakuja kofia imeshuka mpaka puani.

Sasa uti wa mgongo. Hapa kwetu watu wanauumiza kwa pikipiki, na wanauumiza kwa miti. Wanapanda kutundika mizinga ya nyuki, wanapanda kurina asali, wanapanda kuchuma maembe, na si wote wanaoshuka kwa njia waliyopandia. Miaka ya mwanzo tulikuwa tunawapiga eksirei ya mgongo, tunawarudisha wodini, tunasema kazi yetu imekwisha. Alikuwepo kijana mmoja wa bodaboda, mcheshi kupita kiasi, ambaye alikuwa ameshakizoea kiti chake cha magurudumu. Siku moja alikuwa ananieleza jinsi atakavyokifunga injini. Akasita katikati ya neno, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema, akashika kifua, na lile neno hakulimaliza. Hakuwa amelalamikia mguu hata siku moja. Angelalamikaje? Miguu yenyewe ilikuwa haimwambii kitu. Mpaka leo nikimkumbuka naumia, na siwaombi radhi kwa kuwakatizia kicheko.

Aliyetuzindua ni Dokta Neema, Mchaga mdogo wa umbo na mkubwa wa sauti, aliyerudi kutoka masomoni akakuta tunafanya mambo kwa mazoea. Alituita wote, wa wodini na wa picha.

"Mguu usiotembea, damu yake inazubaa," alisema. "Damu inayozubaa inaganda. Wewe na mimi tukiganda damu mguuni tutasikia maumivu, tutalalamika. Hawa hawasikii. Bonge linakaa kimya, siku liking'oka linapanda kwenye mapafu. Kwa hiyo msisubiri waje kuwaambia. Nendeni mkalitafute."

Basi tukaenda kulitafuta. Wagonjwa walianza kuchomwa sindano ya tumboni ya kuzuia damu isigande, na sisi tukaanza kuwapima mmoja mmoja, anayelalamika na asiyelalamika. Kifaa cha kwanza ni tepu ya fundi cherehani, niliyoinunua kulekule mtaani Ng'ambo. Weka alama ya kalamu kwenye shavu la mguu, pima palepale kila asubuhi, na upime miguu yote miwili, kwa sababu mguu mmoja peke yake hauna wa kulinganishwa nao. Mzee mmoja wa Nzega alinyamaza akapimwa asubuhi nyingi tu, kisha akaniuliza kwa adabu suruali itakuwa tayari lini.

Kifaa cha pili ni mashine. Mnajua, lakini nitasema. Anza kwenye kinena, shuka pajani, malizia nyuma ya goti. Kwenye kioo mtaona mishipa miwili imelala pamoja, miduara miwili myeusi. Mmoja unadunda, mwingine umetulia. Bonyeza kwa kile kichwa cha mashine. Mshipa mzima uliotulia unalala bapa, ukiachia unaamka. Wenye bonge unagoma. Ni hivyo tu. Ukiona umegoma usiendelee kuubonyeza ili kujiridhisha, maana mnaobonyeza kwa kujiridhisha mtatuulia mtu.

Mzee Maganga aliletwa kutoka huko ndani ya Tura. Alikuwa mfuga nyuki. Tawi lilikatika akiwa amekumbatia mzinga, ingawa yeye alishikilia kwamba nyuki ndio waliomsukuma. Toka kiunoni kushuka chini alikuwa hasikii wala hachezeshi. Alikuja na dada yake mkubwa, Nyamizi, ambaye kabla ya chakula cha mchana wodi nzima ilikuwa inamwita Shangazi. Huyu alikuwa mkandaji. Kwenye stesheni zote za upande ule, mtu akiteguka, akishikwa kiuno, akivimba mguu, anaitwa Nyamizi na chupa yake ya mafuta ya nyonyo. Viganja vyake vilikuwa vipana kama miko ya msibani, na alikuwa mwimbaji wa kwaya ya Moravian, sauti ya kwanza.

Asubuhi moja tepu ikaonyesha mguu wa kushoto wa Maganga umeupita wa kulia. Si sana, lakini jana yake ulikuwa haujaupita. Nikaagiza aletwe chumbani kwangu. Nilipofika kwenye kinena akashika bukta yake kwa mikono miwili.

"Huko hapana, mama. Huko anafika mke wangu na Mwenyezi Mungu basi."

"Baba, mshipa wenyewe unaanzia huko."

"Uanzie kwingine."

Nikamtazama. "Wewe Mnyamwezi?"

"Mnyamwezi halisi."

"Basi mimi Mzaramo."

Akafumba macho. "Mayo wane, mama yangu! Nimeanguka mtini sikufa. Nyuki wameniuma sikufa. Kumbe Mungu alikuwa ananitunzia Mzaramo!" Akaachia bukta. "Fanya haraka. Na ukiona kitu cha kucheka, cheka kimoyomoyo."

Sikuona cha kucheka. Mshipa wa paja la kulia ulilala na kuamka kama inavyotakiwa. Wa kushoto ukagoma. Ndani ya ule mduara mweusi palikuwa na kitu cha kijivu, kimejikunja, kimetulia. Nikaita Dokta Neema, akaangalia, akaguna. Maganga akaanzishiwa dawa kali zaidi, na likatolewa agizo moja kubwa: mguu ule usikandwe, usisuguliwe, usichuliwe na mtu yeyote mpaka dawa ishike na picha ya marudio ituridhishe.

Mnaona tatizo liko wapi.

Dokta Neema alikaa na Shangazi akamweleza taratibu, kwa heshima, akamchorea na mchoro. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho. "Nimekuelewa, mwanangu," akasema. "Mungu akubariki." Daktari akaondoka ameridhika. Hakujua kwamba huku kwetu mtu mzima akikubali haraka namna hiyo, amekataa.

Kesho yake, saa ya kuona wagonjwa, wanakwaya wenzake Shangazi walikuja, wakaacha kuku na karanga za mgonjwa mlangoni, wakazunguka kitanda cha Maganga wakaanza kuimba. Waliimba vizuri, wagonjwa wengine wakageuka kusikiliza. Sista Veronika, muuguzi mkuu wa wodi, alikuwa naye anaitikia mdomoni huku anapanga dawa, mpaka alipogundua kwamba kitanda kinacheza. Kilikuwa kinatikisika sawasawa na wimbo, kikilia nyii, nyii kila pigo. Akaja mbio chumbani kwangu.

"Mzaramo, njoo! Wanamkanda kwa mapambio!"

Nilipofika, Shangazi alikuwa amesimama katikati ya kwaya, uso umeelekea mbinguni, sauti ya kwanza inatoka safi kabisa, na mikono yote miwili iko chini ya blanketi. Harufu ya nyonyo ilikuwa imejaa wodi. Nilimwona akilini yule kijana wa bodaboda, na neno lake ambalo hakulimaliza. Nilijua nikianza kueleza habari ya mabonge, Shangazi ataniambia amenielewa na Mungu anibariki.

Nikavua kanga yangu ya mabegani, nikaitupa juu ya mguu wa kushoto. Niliufunika, sikuufunga. Mguu wenye bonge haufungwi kitu, andikeni hilo. Nikapaza sauti:

"Mimi Mzaramo wa Kisarawe! Mguu huu wa Mnyamwezi nimeukamata!"

Wimbo ukakatika. Wanakwaya wote walikuwa watu wa Tura na vijiji vyake, hapakuwa na wa kutafsiriwa. Shangazi akatoa mikono chini ya blanketi polepole, inang'aa mafuta.

"Mzaramo," akasema, "kuku umewaona?"

"Nimewaona."

"Karanga je, hukuziona?"

"Nimeziona."

"Vyote hivyo, ukaona mguu?"

"Nimeona mguu."

Maganga alianza kucheka pale kitandani, cheko la mtu ambaye hakuwa amecheka tangu aanguke. "Dada, tumekwisha," akasema. "Mguu umekamatwa. Usiguse." Na Shangazi, aliyewapita madaktari wote kama upepo, hakugusa. Dokta Neema alifika tukiwa tumesimama hivyo. Nilipomweleza kilichotokea alifikiri kidogo, akasema, "Dada, hii kwenye mwongozo haimo." Nikamwambia waliouandika hawakufika Tura.

Asubuhi yake jogoo akawika wodini. Shangazi alikuwa amekuja na fidia. Sista Veronika alitaka kumtupa nje, jogoo au Shangazi, yeyote atakayekuwa karibu. Na mimi nilikuwa kwenye shida ya kweli, kwa sababu jogoo alikuwa mnene, fidia ya haki, na dawa ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kazi. Kukataa siwezi. Nikamzunguka yule jogoo, nikamshika kifua, nikaguna.

"Huyu anatosha kidole gumba," nikasema.

"Kidole gumba!"

"Shangazi, mguu wa mtu ni mali. Kidole gumba nimekiachia. Kikande."

Akakikanda. Hamjawahi kuona kidole kikikandwa vile. Alikikanda kutwa nzima, kwa nyonyo na kwa hasira, mpaka kikang'aa kama taa ya baiskeli, na Maganga akawa anawaonyesha wageni. Kesho yake ukaja mfuko wa karanga, nikaachia kidole cha pili. Ikaja michembe, nikasema viazi vyenyewe vimekauka, nikaachia cha tatu kwa shingo upande. Dokta Neema alikuwa anapita kila asubuhi na kuuliza, kwa sauti ya kitaalamu kabisa, tumefika kidole gani. Dawa ilikuwa inaendelea. Tatizo ni kwamba Mungu hakumpa binadamu vidole vya kutosha.

Vilipokwisha nikadai asali kwa ajili ya shavu la mguu. Nikadai iwe ya mzinga uleule uliomwangusha Maganga, na iwe imeiva. Shangazi akamgeukia mdogo wake amuulize kama imeiva. Maganga alinitazama. Mfuga nyuki ni mtu aliyezoea kukaa kimya kuangalia mambo, na alikuwa ameshaelewa siku nyingi ninachokifanya.

"Haijaiva, dada," akasema. "Na ule mzinga haupandwi kabla ya msimu wake."

Shangazi akatutazama sisi wawili kwa zamu. "Mnanizungusha," akasema taratibu. "Mnyamwezi mwenzangu, tumbo moja, unanizungusha na Mzaramo." Akachukua chupa yake akatoka. Sikupenda alivyotoka.

Kesho yake nilipofungua chumba, wajawazito wameshajaa benchi, Shangazi akanipita mlangoni bila hodi. Akaenda moja kwa moja kwenye mashine, akachomoa kile kichwa kwenye kishikizo chake, akakikumbatia kifuani.

"Mimi Mnyamwezi wa Tura," akasema. "Hiki nimekikamata."

Nilikuwa nimesahau kwamba utani una pande mbili. Kwa bahati mateka wake alikuwa na mkia: waya mnene uliofungwa kwenye mashine. Hakuweza kutoka nacho. Akavuta kiti akaketi hapohapo, waya umempita begani, uso umekaza, na mimi sikuruhusiwa kukigusa. Nje benchi likaanza kunung'unika. Mama mmoja akauliza kwa sauti kama mashine imeharibika. Sista Veronika akamjibu kwamba haijaharibika, imekamatwa, jibu ambalo halikusaidia.

"Unataka nini, Shangazi?" nikauliza.

"Mguu."

"Wote?"

"Wote. Nimkande mdogo wangu, damu itembee, apone. Wewe unacheza. Mimi sichezi." Na hapo sauti ikamkatika. "Tangu mama afe mimi ndiye niliyemlea. Nimekanda mpaka watu nisiowajua. Wa kwangu mwenyewe mnaniambia nimwache na vidole!"

Nilimwonea huruma, na niliona kwamba tangu mwanzo tumemkataza mikono yake bila kuipa kazi. Nikamwambia sawa, fidia ya kichwa cha mashine ni hii: kishike wewe mwenyewe. Maganga aletwe, umbonyeze wewe.

Akaletwa. Dokta Neema akasimama mlangoni. Nikapaka jeli paja la kulia, lile zima, nikaweka mkono wangu juu ya mkono wa Shangazi. "Angalia kioo. Ile miwili ndiyo mishipa yake. Bonyeza." Akabonyeza. Mkono wake ulikuwa na ufundi wa miaka, haukuzidisha. Mshipa ukalala bapa. Akaachia, ukaamka. Akarudia, na nikaona uso wake unafunguka. Mikono ile ilikuwa imebonyeza miili ya watu maisha yake yote, na leo ndiyo mara ya kwanza inaona ndani.

"Unalala," akasema. "Unaamka."

"Ndiyo mshipa mzima. Sasa huku. Hapa utagusa tu, nikisema acha, acha."

Tukagusa paja la kushoto. Mshipa haukulala. Lile la kijivu likaonekana katikati.

"Acha."

Aliondoa mkono kama aliyegusa sufuria ya moto. "Hilo ndilo bonge?"

"Ndilo."

"Likikandwa linakwenda wapi?"

"Linapanda kwenye mapafu."

"Halafu?"

"Halafu anakufa, Shangazi. Huku anazungumza na wewe."

Akaanza kufuta viganja vyake kwenye gauni, anavifuta na kuvifuta, ingawa siku hiyo havikuwa na mafuta. Machozi yalikuwa yanamdondokea na hayafuti.

"Dada, unalia nini?" Maganga akasema. "Mguu wenyewe siusikii."

"Nyamaza wewe," akasema Shangazi. "Mimi nausikia."

Kuanzia siku hiyo kigoda chake kilihamia miguuni pa kitanda, na mguu wa kushoto wa Maganga ukawa kitu kinacholindwa kuliko stoo ya dawa. Aliwafundisha wake wa wagonjwa wengine kupima kwa tepu. Alinigombeza mimi niliposahau kuweka alama ya kalamu. Mchungaji wao alipokuja kuombea akanyoosha mkono auweke juu ya mguu, Shangazi aliudaka hewani. "Baba Mchungaji, weka kichwani," akamwambia. "Mungu atashuka mwenyewe mpaka chini."

Kabla sijamaliza niwaambie mambo machache, kisha nirudi kwa Maganga. Kulirudia agizo la kutokanda hakupotezi kitu. Mchoro ni mzuri, lakini waonyesheni ndugu kioo. Muda mnaodhani mnaupoteza hapo mtaupata baadaye. Sindano ya tumboni isirukwe kwa sababu mgonjwa anaonekana mchangamfu. Yule kijana wetu alikuwa mchangamfu. Na mnapokuta miguu yote miwili iko sawa kwa tepu msiringe, maana bonge jingine halivimbishi chochote, linajulikana kwa mashine tu. Tulikwisha kuwapata wa aina hiyo, wanacheka, wanakula, wanauliza watarudi nyumbani lini.

Maganga alikaa na sisi muda mrefu, akijifunza kujigeuza, kuketi, kuhamia kwenye kiti cha magurudumu. Siku ya picha ya marudio ilipofika, alikisukuma mwenyewe hadi mlangoni kwangu, akalipita benchi lote la wajawazito huku anawapa shikamoo hata waliokuwa sawa na wajukuu zake. Shangazi alikuwa nyuma yake. Sikumuuliza. Nilipaka jeli, nikampa kichwa cha mashine, nikaweka mkono wangu juu ya wake.

Tukaanza na kinena. Nilisikia pumzi ya Maganga, na ya Dokta Neema nyuma yangu. Shangazi akabonyeza taratibu, kidogo, kidogo tena. Ule mduara mweusi ukajikunja pembeni, ukapungua, ukalala bapa. Akaachia. Ukaamka. Tukashuka pajani, ukalala. Nyuma ya goti, ukalala.

"Umelala," Shangazi akanong'ona.

"Umelala," nikasema.

Ndipo sauti ya kwanza ya kwaya ya Moravian ilipofunguka. Alipiga kigelegele kilichotikisa vioo vya dirisha. Kule nje wajawazito hawakujua kuna nini, lakini kigelegele hakiachwi peke yake. Benchi zima likaitikia, kikapokewa mpaka wodi ya jirani. Nilipofungua mlango mama mmoja, tumbo limemfika kidevuni, alikuwa ameshasimama anachungulia kwa hamu.

"Hongereni jamani!" akasema. "Wa kike au wa kiume?"

Shangazi Nyamizi akatoka anasukuma kiti cha magurudumu, uso umelowa, kichwa juu.

"Wa kiume," akasema. "Mdogo wangu."